Mahindi ya Picha

Nchi hii ipo, wala si mbali. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona vizuri, kwa sababu ramani yake ilishaongezwa mwanga mpaka mipaka ikafifia, lakini wananchi wake wapo: wanakohoa, wanaoana, wanapanga foleni. Na katika nchi hiyo, jambo likishapigwa picha limekwisha.

Hiyo si lawama, ni utaratibu tu. Daraja likipigwa picha likiwa na nguzo mbili na utepe, mkandarasi hukunja turubai lake akaondoka, kwa kuwa daraja limekwisha. Mgonjwa akipigwa picha ameshikwa mkono na Mheshimiwa, hupewa ruhusa ya kurudi nyumbani, kwa kuwa amepona. Kisima kikipigwa picha siku kinapotoa ndoo ya kwanza, hakidaiwi ndoo ya pili. Wananchi wamezoea. Ukimlalamikia mmoja wao kwamba barabara ya kwao ni mashimo matupu, atakuuliza kwa upole, "Lakini si ilishapigwa picha?"

Kwa ajili ya kazi nzito namna hiyo kulikuwa na Wizara ya Muonekano, na ndani ya Wizara kulikuwa na msichana aliyeitwa Kidawa Semkiwa, mpiga picha daraja la mwisho. Alikuwa ametoka chuoni karibuni na cheti chenye muhuri uliokolea, na moyo ambao ulikuwa bado haujagongwa muhuri wowote. Aliamini kwamba picha nzuri inaweza kumtia mtu aibu, na mtu akiona aibu atatenda mema. Wenzake ofisini walimpenda kwa hilo, kama unavyompenda mtoto wa jirani anayesema akikua atakuwa simba.

Siku ya kwanza Katibu wa Wizara, Bwana Hoza, alimkabidhi kamera na kumwonyesha kitufe kisichopaswa kuguswa. Bwana Hoza alikuwa mtu wa mashati ya mikono mifupi na sentensi ndefu.

"Kamera zetu zinapiga JPEG tu," alisema. "Wewe umesoma, unajua kwa nini."

"Kwa sababu faili lake ni dogo?"

"Kwa sababu JPEG ina msimamo. Sikiliza, binti yangu. Kamera inaona mambo elfu moja. Ikipiga JPEG, inaamua palepale lipi libaki, mengine inayatupa, mjadala unafungwa. Ndivyo Baraza la Mawaziri linavyofanya kazi. Sasa hiyo nyingine, hiyo mnayoiita picha mbichi nyinyi mafundi, inabeba kila kitu. Vivuli vyote, madoa yote, imekaa nayo tu, haijaamua chochote, inasubiri mtu aje kuihariri kwenye kompyuta. Nchi haiendeshwi na picha isiyoamua."

"Halafu inajaza kadi," Kidawa alisema, ili kusaidia.

"Inajaza kadi," Bwana Hoza alikubali kwa huzuni. "Kadi inayobeba JPEG za mwezi mzima, picha mbichi zinaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana tuna kanuni: mpiga picha akija kuomba kadi nyingine saa nne asubuhi, achunguzwe."

Ndani ya kila kamera ya serikali kulikuwa pia na mpangilio wa rangi unaoitwa Kijani cha Taifa. Ulikuwa umebuniwa na kamati. Ulichukua kijani cha bendera na kukipaka juu ya chochote kilichofanana na ardhi. Faida zake zilionekana haraka. Kulikuwa na Kamati ya Njaa na Neema, ambayo kazi yake ilikuwa kuamua wilaya ipi ipelekewe chakula. Kamati haikusafiri, kwa kuwa mtu akisafiri anaweza kudanganywa na hali ya mahali alipofika. Ilikaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na kutazama picha. Picha yenye kijani kupita nusu ilikuwa neema. Chini ya nusu, njaa. Tangu kamera zifungwe Kijani cha Taifa, njaa ilikuwa imetokomea nchini, na wanakamati wote walishapewa nishani.

*

Kidawa alitumwa Kilangwe kupiga picha za kamati. Alifurahi, kwa kuwa Kilangwe ndiko alikolelewa na shangazi yake, Mwanaheri. Furaha ilianza kumwishia kwenye dirisha la gari. Mvua zilikuwa zimeipita wilaya hiyo misimu miwili, na ardhi ilikuwa na rangi ya gunia kuukuu. Kwenye uwanja wa shule, watoto walikuwa wamekaa kivulini bila kucheza, wakiwa wametulia kama wazee wanaosubiri pensheni. Kucheza kunaleta njaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Kumbe serikali ipo."

Kidawa alipiga picha shamba, mifugo, na mlima ulio nyuma ya nyumba. Shangazi akaja kuchungulia nyuma ya kamera. Alitazama kioo, akatazama shamba, akatazama kioo tena.

"Hapa ni wapi?"

"Ni hapa, shangazi. Shamba lako hili."

"Langu?" Mwanaheri aliichukua kamera, akaizungusha kutafuta upande ambao pengine hakuuona. "Sasa haya majani yako wapi, nimfungulie mbuzi?"

"Ni kamera. Inaongeza kijani."

"Basi iambie iongeze na unga."

Hakuishia hapo. Alikwenda akamleta mbuzi mwenyewe, mbavu zake zinahesabika, akamwekea kioo mbele ya pua. Mbuzi alinusa, akageuza shingo, akaondoka. Alikuwa kiumbe wa kwanza katika nchi ile kuikataa JPEG hadharani.

Kidawa alicheka, kisha akaingia jikoni na kicheko kikamkauka. Ndani ya beseni kulikuwa na ndiga, ile mizizi ya porini ambayo lazima ilowekwe na kubadilishwa maji siku nyingi mpaka sumu itoke.

"Hizi ndizo mnazokula?"

"Ukiwa na subira, ni chakula," shangazi alisema, akimwaga maji. "Jirani yetu Bi Zainda alikuwa na subira kidogo, na watoto wake walikuwa na kidogo zaidi. Alionja yeye kwanza ili awaonyeshe kwamba zimeiva. Tumemzika Ijumaa. Watoto wako hapa kwangu, hao unaowaona. Msalimieni dada."

Watoto walimsalimia. Kidawa alitoka nje, akasimama ukutani mpaka macho yalipokauka, akabonyeza kitufe kisichopaswa kuguswa. Kamera ikaanza kuhifadhi kila picha mara mbili: JPEG kwa ajili ya Wizara, na mbichi kwa ajili ya Mungu.

*

Kamati ilizipokea picha za Kilangwe kwa makofi. Ukumbi mzima ulikuwa kijani, mpaka meno ya mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Muonekano mwenyewe, Mheshimiwa Pazi Mkomwa, mtu mrefu mwenye viatu vinavyong'aa kiasi kwamba wasaidizi wake walijitazamia humo kurekebisha tai.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tunachokiona hapa si majani. Ni sera. Ni sera iliyoota, ikachipua, ikatanda. Swali lililo mbele yetu ni moja: wananchi wa Kilangwe wana majani mengi kupita uwezo wao wa kuyatumia. Je, serikali sikivu itawaacha na mzigo huo?"

Wajumbe walisema haiwezi. Ikaamuliwa kwamba ng'ombe wa Waheshimiwa wapelekwe Kilangwe kuwasaidia wananchi kula majani.

Kidawa alisimama. Alikuwa amekumbuka beseni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusema. Zipo picha mbichi za mahali hapohapo."

Bwana Hoza, aliyekuwa akiandika muhtasari, alishusha kalamu taratibu kama mtu anayeweka yai. Kidawa alitegemea kufukuzwa kazi. Lakini katika nchi ile hakuna kiongozi aliyekuwa amewahi kuona picha mbichi, na Waheshimiwa nao ni binadamu, walitaka kuchungulia. Mheshimiwa Mkomwa aliagiza Baraza zima la Mawaziri liitwe, kwa kuwa jambo lisilo na utaratibu lazima lifanywe na wakubwa.

Picha mbichi ya shamba la Mwanaheri ikafunguliwa ukutani. Ilikuwa imepauka, haina nguvu, rangi zake zimelala.

"Inaumwa," alisema Waziri wa Afya.

"Haiumwi, Mheshimiwa," Kidawa alisema. "Ndivyo picha mbichi zinavyoanza. Haijahaririwa. Kila kitu kimo humo ndani, ila inasubiri mtu aamue ionekane vipi. Ukivuta hivi vitelezi hapa chini, hiki ni cha mwanga, hiki cha vivuli, hiki cha ujoto wa rangi..."

Hakumaliza. Neno lililobaki vichwani mwa mawaziri lilikuwa moja tu: aamue. Walikuwa wameshajipanga foleni mbele ya kompyuta, kwa kufuata ukubwa wa vyeo.

Waziri wa Ulinzi alivuta ukali mpaka kila jani kavu likawa kama mkuki, akarudi kukaa akiwa ameridhika. Waziri wa Ujenzi aliomba picha ikatwe chini, kwa sababu kulikuwa na kipande cha barabara. Waziri wa Maji aliona bwawa lililopasukapasuka, akavuta bluu, bwawa likajaa. Waziri wa Utalii alilalamika kwamba bluu imeifanya nchi ionekane ya baridi, na wageni hawaji kutafuta baridi. Waziri wa Fedha alitaka vivuli viachwe kama vilivyo, akakataa kusema kwa nini. Mwisho akaja Waziri wa Madini, mzee wa mkono mzito, akashika kitelezi cha ujoto wa rangi na kukivuta mpaka kikagota.

Shamba lote likawa la dhahabu.

Waziri wa Kilimo, aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, alifumbua macho akaona ukuta.

"Mavuno," alisema.

Makofi yaliyopigwa hapo yalisikika mpaka jikoni, na wapishi nao wakapiga, kwa usalama wao.

"Mheshimiwa," Kidawa alisema makofi yalipopungua, "hizo ni nyasi. Zimekufa kwa jua. Watu wanakula ndiga. Kuna mtu amezikwa."

Mheshimiwa Mkomwa alimtazama kwa upole wa kweli. "Binti, ni wewe uliyetuambia kwamba picha hii inasubiri mtu aamue?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini..."

"Tumeamua."

Azimio lilipitishwa kwa kauli moja. Malori ya serikali yaende Kilangwe kuchukua ziada ya mahindi na kuileta Ghala la Taifa, na Waziri wa Muonekano afuate nyuma kupiga picha na mavuno hayo. Bwana Hoza aliuliza, kwa ajili ya muhtasari tu, itakuwaje kama mavuno yasipoonekana. Akajibiwa kwamba yakikosekana maana yake wananchi wameyaficha, na kuficha chakula cha taifa ni uhujumu, na jela la wahujumu lilishapigwa picha, kwa hiyo lipo tayari.

Kidawa aliketi. Alikuwa amekuja kuwatia watu aibu, na wao wamevuna. Sasa shangazi yake alikuwa anadaiwa mahindi.

*

Ghala la Taifa lilikuwa refu kama uwanja wa ndege, na mlinzi wake aliitwa Bwana Lihumbo. Kidawa alimkuta akiwasimamia vibarua wanaopakia mawe kwenye malori yanayojiandaa kwenda Kilangwe.

"Mawe ya nini, baba?"

"Ya safari," Bwana Lihumbo alisema. "Hujausoma Waraka wa Magari Matupu? Rais alipishana na lori tupu la serikali njiani, akasikitika, chakula hakikumpanda siku hiyo. Tangu hapo ni marufuku lori la serikali kutembea bila shehena, kwenda wala kurudi. Basi tukapewa mawe haya. Jiwe lile pale, lenye ncha, limetembea nchi hii kuliko mbunge yeyote."

Kidawa alitazama lile jiwe. Kisha akatazama ndani ya ghala, ambako kulikuwa na ukuta wa magunia meupe, yamepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na paa na kutoka mlango huu mpaka mlango ule, kila moja limegeuza nembo ya taifa mbele. Alikwenda akaminya moja. Mahindi, makavu, mazuri, yakamkwaruza kiganja kupitia kitambaa.

"Kumbe yapo."

"Hayo? Hayo ni mahindi ya picha." Bwana Lihumbo alipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye nembo. "Mheshimiwa akitaka kuonyesha nchi ina akiba, anasimama hapa, mnampiga, anaondoka. Mstari wa mbele lazima uwe mahindi kweli, maana huwa anapenda kuingiza mkono na kuyamimina."

"Na nyuma ya mstari wa mbele?"

Bwana Lihumbo aliinua macho akatazama paa, kama anayetafuta panapovuja. "Nyuma kuna magunia," alisema.

Kidawa hakuuliza zaidi. Akili yake ilikuwa imebaki kwenye mawe.

"Baba, Waraka unasema mawe, au unasema shehena?"

"Shehena."

"Na haya mahindi ya picha, huwa hayabadilishwi?"

"Hubadilishwa yakizeeka, yakipoteza mng'ao. Mavuno mapya yakiingia, ya zamani yanaondolewa, mapya yanakaa mbele."

"Mavuno mapya yameshatangazwa. Baraza zima limeyaona ukutani, kwa kauli moja. Utayaweka wapi yakifika, na hapa mbele pamejaa?"

Bwana Lihumbo aligeuka akayatazama malori. Hakuwa mjinga, na alikuwa na wakwe Kilangwe.

"Binti," alisema, "mimi nikiulizwa, nitasema nilikuwa napisha mavuno."

"Na ndicho ulichokuwa unafanya."

"Ndicho nilichokuwa nafanya." Akageukia vibarua. "Jamani, shusheni hayo mawe yapumzike. Leo wanasafiri wengine."

*

Malori yaliingia Kilangwe mchana, Kidawa akiwa ndani ya la kwanza, na watu walijificha, kwa sababu lori la serikali halikuwa na sifa ya kuleta kitu. Ilibidi Mwanaheri apande juu ya gurudumu, afungue gunia, aweke punje kinywani na kuing'ata mbele ya watu wote. Mlio ule ulitosha. Vijana wakarukia malori na kuanza kushusha.

Walikuwa katikati ya kazi, nusu ya magunia chini na nusu juu, vumbi la msafara wa Mheshimiwa lilipoonekana barabarani. Hakukuwa na pa kukimbilia. Wale waliokuwa na gunia begani walibaki nalo begani, kati ya lori na ardhi, wasijue waende wapi.

Mheshimiwa Mkomwa alishuka, akarekebisha miwani, akatazama. Aliona malori, magunia, wanaume wenye jasho. Paji lake la uso likakunjamana kidogo.

"Wanapakia, sivyo?"

Bwana Hoza aliyekuwa nyuma yake alishughulika na kitufe cha shati. Watoto wa Bi Zainda walikuwa wamekaa juu ya gunia moja, wamelishika kwa mikono yote kama mtu anavyoshika farasi.

Kidawa alikuwa amejiapia chuoni, mbele ya rafiki zake wawili na chupa ya soda, kwamba hatapiga picha ya uongo maishani mwake. Alikumbuka kiapo. Akakumbuka pia maji ya kwenye beseni yalivyokuwa meupe.

"Mheshimiwa, sogea hapo penye gunia," alisema. "Mwanga umekukaa vizuri sana."

Uso wa Mheshimiwa ulikunjuka palepale. Alisogea, akaweka kiganja chini ya gunia lililokuwa begani kwa kijana mmoja, kama anayelisaidia.

"Simameni hivyohivyo," Kidawa alisema. "Msilipandishe wala msilishushe."

Wakasimama. Kilangwe nzima ikasimama. Kidawa akabonyeza.

"Imetoka?"

"Imetoka, Mheshimiwa."

Na kwa kuwa ilikuwa imeshapigwa picha, ilikuwa imekwisha. Mheshimiwa alisema maneno machache kuhusu jasho la mkulima, akapanda gari, msafara ukageuza. Vumbi lilipotua, kijana mwenye gunia alimtazama Kidawa, akasubiri ishara, kisha akalishusha.

Mwanaheri alikuja kuchungulia nyuma ya kamera kama kawaida yake.

"Hapa gunia linapanda au linashuka?"

"Picha haisemi, shangazi."

"Hata ile yako mbichi, inayobeba kila kitu?"

"Hata hiyo."

Shangazi alifikiri. "Basi na yenyewe ina adabu zake," alisema.

Ilibaki shida ya kurudi, maana malori hayaruhusiwi kurudi matupu. Mwanaheri alisema kitu walichojaliwa kwa wingi ni mchanga. Mahindi yakamiminwa kwenye mapipa, vikapu, ndoo, na kitanda kimoja kilichogeuzwa juu chini. Magunia yakajazwa mchanga, yakashonwa vizuri, nembo mbele. Jua lilipoanza kushuka moshi ulikuwa unatoka kila jiko la Kilangwe, na harufu ya ugali ilitembea mpaka shuleni, ambako watoto walikuwa wameanza kufukuzana. Kidawa aliinua kamera, akaishusha. Aliogopa akipiga, itakwisha.

*

Bwana Lihumbo aliipokea shehena kwa heshima zote. Alitoboa gunia la kwanza, akapokea mchanga kidogo kiganjani, akausugua kwa vidole.

"Mzuri," alisema. "Laini. Ule wa wilaya ya jirani mwaka juzi ulikuwa na kokoto."

Kidawa alirudi hatua moja. Alitazama nyuma ya mstari wa mbele, kule ghala lilikoendelea na kuendelea, magunia juu ya magunia mpaka yanaishia gizani.

"Baba, kule nyuma..."

"Nilikwambia," Bwana Lihumbo alisema. "Kuna magunia."

Picha ya Kilangwe ilitundikwa katika kila ofisi: Mheshimiwa, gunia, jasho. Wilaya ilipewa cheti cha mavuno bora. Na asubuhi moja Waziri wa Muonekano alifika Ghala la Taifa kupiga picha na mavuno yenyewe. Alisimama mbele ya mstari wa mbele, kifua nje, akazungumzia akiba itakayolisha wajukuu wa wajukuu. Kisha, kama alivyozoea, akaingiza mkono kwenye mdomo wa gunia ili ayamimine.

Mchanga ulitoka taratibu katikati ya vidole vyake, ukaangukia kiatu cha kulia. Kiatu kikaacha kung'aa.

Mheshimiwa Mkomwa alitazama kiatu chake. Aliminya gunia la kando. Akapitisha mkono katikati ya magunia, akaminya la nyuma yake, na la nyuma ya hilo, mpaka mkono ukaishia begani. Alipougeuza uso, haukuwa ule wa kwenye picha; ulikuwa wa mtu mzima aliyechoka, ambaye inaelekea aliwahi kuwa na shangazi.

"Yote?" aliuliza.

"Mheshimiwa," Bwana Lihumbo alimjibu akitazama paa, "mimi ni wa mstari wa mbele."

Waziri alisugua kiatu kwenye nyuma ya suruali, mara moja, haraka. Kisha akairudisha sura yake mahali pake, kipande kwa kipande: kidevu, macho, tabasamu.

"Kidawa," alisema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya hotuba. "Hii piga JPEG."

"Sawa, Mheshimiwa."

Kidawa aliinama juu ya kamera. Alifikiria wilaya nyingine, yoyote, ambayo wakati huo ilikuwa inabadilisha maji kwenye beseni, na ambayo haitakuwa na mahindi ya picha ya kupelekewa, kwa sababu Kilangwe imeyala. Kidole chake kilibonyeza kitufe fulani kabla ya kuanza kazi. Kitufe kipi, Mheshimiwa hakuona, alikuwa anatazama mbele. Kidawa alimpiga yeye, akapiga kiatu, akapiga kiganja chenye vumbi, akapiga giza la nyuma ya magunia, taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho wa ghala. Kamera ikagoma.

Alitoka nje. Bwana Hoza alikuwa amekaa kivulini, sanduku la vifaa mapajani.

"Naomba kadi nyingine," Kidawa alisema.

"Ile niliyokupa leo?"

"Imejaa."

Bwana Hoza alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliitazama tena, kama anayetumaini kwamba imeharibika. Kanuni ilikuwa wazi, mwenyewe ndiye aliyeiandika, kwa hiyo akamchunguza: alimtazama usoni kwa muda mrefu, macho kwa macho.

Kisha akafungua sanduku, akampa kadi mbili.